Kaseti ya Bwenini



Bwenini tulikuwa na kaseti moja ya Boston, bendi ya Marekani: albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1976. Mimi na rafiki yangu tuliahidiana kuunda bendi. Nilipoajiriwa serikalini, kila aliponikumbusha nilijibu, "Kazi zimenibana." Sasa ni marehemu, gitaa lake analo mwanawe.

Baadaye ndipo niliposoma kwamba Tom Scholz, mpiga gitaa wa Boston, alikuwa mhandisi wa kampuni ya Polaroid. Sehemu kubwa ya albamu ile aliirekodi nyumbani kwake, baada ya saa za kazi. Kumbe naye alikuwa mwajiriwa!

Wadogo zangu, rafiki akikuita, itika.