Boti Ikitia Nanga, Nani Anajua Kuogelea?

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji afya wetu na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, Dar es Salaam, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule mwezi wa sita. Wanafunzi hao walikuwa wamechangishana fedha za kukodi boti kwenda kisiwa cha Mbudya.

Nimeambiwa Jumamosi mnakwenda Mbudya. Safi sana! Najua wengine mliponiona naingia na mwalimu mlisema, "Huyu dada kaja kutukataza." Hapana. Mbudya naipenda. Kisiwa hicho pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1975, ndiyo maana ukifika unalipa kiingilio, na ndiyo maana matumbawe na samaki bado wapo wa kutazama. Nendeni. Mimi nimekuja kwa ajili ya dakika moja tu ya safari yenu. Ile dakika boti inapotia nanga, maji ni ya kijani unaona mpaka chini, na mtu mmoja anapiga kelele, "Haya, turukeni!"

Hebu nyoosheni mikono. Nani anajua kuogelea? Loo, ni wengi. Shusheni. Sasa swali la pili. Nani anaweza kukaa dakika 5 kwenye maji yanayomzidi kimo, bila kukanyaga chini na bila kushika kitu?

Mnaona wenyewe. Mikono imebaki sita.

Sasa ninyi ambao mikono yenu ilinyooka mara ya kwanza ikabaki chini mara ya pili, ninyi ndio niliowafuata. Yule asiyejua kabisa, na anayejijua kuwa hajui, mara nyingi anakaa kwenye boti na miwani yake ya jua, yuko salama. Na anayejua kweli anajua. Mwenye hatari ni yule aliyejifunza pale ufukweni Coco, maji ya kiunoni, akapiga mikono miwili mitatu akasimama. Huyo akiulizwa mbele ya wenzake thelathini hawezi kusema "sijui". Ataruka.

Wala sikulaumu. Jiji letu liko kando ya bahari, lakini ni shule ngapi zina bwawa la kuogelea? Wengi tumelelewa kwa neno moja tu: "Usisogee majini!" Wasichana ndio kabisa. Kwa hiyo tunafika kidato cha nne bahari tunaijua kwa kupiga picha. Hapo hakuna aibu yoyote. Lakini tunaifanya iwe aibu. Akisema mtu hajui kuogelea, wenzake wanamcheka, wanamwita mshamba. Halafu akizama wanalia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu nusu yao walikuwa watoto na vijana wadogo kuliko ninyi, chini ya miaka 15. Bara letu la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo ukilinganisha na idadi ya watu. Umoja wa Mataifa uliona jambo hili ni zito kiasi kwamba mwaka 2021 ukaitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia watu kufa maji. Nasema haya kwa sababu tukizungumza afya ya vijana tunataja ukimwi, malaria, mimba za mapema. Maji hatuyataji, kama vile kuzama ni bahati mbaya tu.

Sasa sikilizeni hili, maana watu wengi hawalijui. Mtu anayezama hapigi kelele. Zile za kwenye sinema, "Nisaidieeni!" huku anapunga mkono, huyo bado ana nguvu. Anayezama kweli yuko kimya. Mdomo wake unazama, unaibuka, unazama. Akiibuka anatafuta pumzi, hana nafasi ya kuita. Mikono haimpungii mtu, inakandamiza maji pembeni kama anayepanda ngazi. Miguu haipigi. Kichwa kimelala nyuma, macho kama hayaoni. Ukimtazama kwa mbali utasema anaelea, anastarehe. Na muda ni mfupi, chini ya dakika moja anaweza kuwa amekwenda chini. Mnaweza kuwa mnacheza muziki kwenye boti, mita tano kutoka kwake, msijue.

Kwa hiyo kila anayeingia majini awe na mwenzake wa kumtazama. Wawili wawili. Siyo "tutaangaliana wote", maana wote ni sawa na hakuna. Mwite, "Vipi, uko poa?" Akijibu, vizuri. Asipojibu, fanya haraka.

Ufanye nini? Usimrukie! Mtu anayezama atakushika shingo akupande kama ngazi. Hana ubaya na wewe, anatafuta hewa. Ndiyo maana mara nyingi tunasikia wamekufa wawili, aliyezama na ndugu yake aliyemfuata. Mpigie nahodha kelele, kisha mpe kitu au mtupie kitu. Kasia, upondo, kanga iliyosokotwa, kamba. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linamwelesha mtu mzima. Jumamosi mkifika kwenye boti tafuteni dumu moja, lifungeni kamba, likae nyuma ya boti majini muda wote mnaoogelea. Hii haina gharama. Na wewe mwenyewe ukizidiwa, usihangaike kutafuta kusimama. Lala chali, masikio yaingie majini, tanua mikono, kifua kijae hewa, tazama juu. Maji ya chumvi yanakubeba kuliko maji ya mtoni. Pumua kwanza, kuita baadaye.

Akitolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu, msimkamue tumbo. Najua wazee wetu wengi hufanya hivyo ili maji yatoke, lakini hiyo inapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Anachokosa ni hewa. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi 5 ukiona kifua kinainuka. Kisha weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu mara 30, haraka haraka, kama mara mbili kila sekunde. Pumzi 2, kubonyeza 30, hivyo hivyo msiache mpaka apumue au msaada ufike. Na hata akiamka akacheka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumgeukia baada ya saa kadhaa.

Nimesema hiyo dakika ya kuruka ndiyo niliyoijia, basi turudi hapo. Mnaoogelea kweli, ninyi mikono sita, msidhani mmesamehewa. Ninyi mnaumizwa na kitu kingine: kupwa na kujaa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hapa kwetu inaweza kuzidi mita 3. Na hayashuki sawasawa. Saa ya kwanza ni kidogo tu, huoni. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanakimbia, na katika saa hizo mbili karibu nusu ya maji yote yanaondoka. Ni mita moja na nusu hiyo. Kwangu mimi ni kidevuni!

Fikirini sasa. Mmefika, kijana karuka kichwa mbele kutoka ubavuni mwa boti, safi, kila mtu kapiga makofi. Mmekwenda kisiwani, mmekula samaki na chipsi, mmerudi baada ya saa mbili. Boti iko palepale. Anaruka tena vilevile, kichwa mbele. Safari hii matumbawe yako karibu. Shingo ikivunjika, mtu anaweza kupooza mikono na miguu maisha yake yote, na ndani ya maji aliyepooza hawezi hata kugeuka apumue. Basi hakuna kuruka kichwa mbele, period, kama mnavyosema ninyi. Miguu kwanza, na kila mara nahodha apime kwa upondo hata kama alipima asubuhi.

Halafu mkondo. Maji yanaposhuka kati ya kisiwa na bara yanavuta. Boti iliyotia nanga kwa kawaida hugeuka, nanga iko mbele na nyuma ya boti ndiko maji yanakokwenda, ingawa upepo mkali unaweza kuigeuza vingine, kwa hiyo tupa ganda la chungwa uone. Wengi huruka kutoka nyuma kwa sababu ndiko kuna ngazi, wakacheza, wakigeuka boti iko mbali, wakaanza kuikimbilia kwa pupa mpaka pumzi inaisha. Ingieni, kisha ogeleeni kwanza kuelekea upande wa nanga. Ukichoka, maji yenyewe yanakurudisha kwenye boti. Ukiona mkondo umekushinda usishindane nao, elea, inua mkono, subiri boti ikufuate. Na mashine iwe imezimwa kabla mtu wa kwanza hajagusa maji. Pangaboi halichagui.

Kuhusu boti yenyewe sitasema mengi. Hesabuni majaketi ya kujiokolea kabla hamjalipa, yawe sawa na idadi yenu. Jaketi lisilofungwa mikanda linakutoka kichwani ukitumbukia, kwa hiyo livae, lifunge, mwenzako alivute mabegani. Likifika masikioni ni kubwa kwako. Watu wakizidi, mwende kwa zamu mbili. Mnaikumbuka MV Nyerere? Mlikuwa wadogo, Septemba 20, 2018. Ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara, Ziwa Victoria, imejaza watu na mizigo kupita kiasi, wakafa zaidi ya 200. Walikuwa wanaiona nchi kavu. Basi na ninyi wakitokea pomboo msikimbilie wote upande mmoja na simu mkononi. Mwezi huu ni kusi, alasiri upepo hukaza, ondokeni kisiwani mapema. Na ile chupa ya soda iliyochanganywa kitu, mnanielewa, ibaki nyumbani. Pombe inamfanya mtu aone kisiwa kiko karibu.

Sasa nisome vikaratasi vyenu. Hamkuandika majina, vizuri.

"Dada, ni kweli ukiogelea baada ya kula unazama?" Hiyo tumeisikia sote. Chakula kizito kinaweza kukuletea uzito au kichefuchefu, pumzika kidogo. Lakini chakula hakizamishi mtu.

"Nina ulemavu wa ngozi, je niende?" Nenda. Lakini jua la baharini linakupiga kutoka juu na linarudi kutoka kwenye maji. Kofia pana, shati la mikono mirefu hata majini, mafuta ya kuzuia jua upake tena kila baada ya kuogelea, na kuanzia saa 4 mpaka saa 10 ukae zaidi kivulini. Ninyi wengine weusi kama mimi msicheke, mtabanduka mabega na kuumwa kichwa kwa kukosa maji. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha.

"Siku hiyo nitakuwa kwenye siku zangu, na wavulana watauliza kwa nini siogelei." Waulize na wao wanaulizia nini. Pedi ikiingia majini inanyonya maji ya bahari, haisaidii tena, kwa hiyo ukitaka kukaa kivulini kaa. Jibu ni "sijisikii kuogelea leo". Hudaiwi maelezo. Na wavulana, mtu akisema hataki, usimsukume majini kwa utani. Nimeona ikifanyika, na aliyesukumwa alikuwa hajui kuogelea.

Cha mwisho. Mwandiko mdogo sana. "Nina kifafa. Darasani hakuna anayejua. Nimeshatoa mchango."

Ndugu yangu, popote ulipo humu ndani, asante kwa kuandika. Unaweza kwenda. Meza dawa zako kwa saa zilezile, usikeshe usiku wa kuamkia safari, maana kukosa usingizi kunaweza kuamsha kifafa. Jaketi livae tangu unapanda mpaka unashuka. Ukiulizwa, sema unaogopa maji, wengi wanaogopa. Kuogelea mbali na boti hapana, ila kwanza mwone daktari wako umuulize. Ukiingia maji ya magotini, awepo mtu anayejua kuogelea, amesimama karibu yako. Na mtu huyo lazima ajue kwa nini amesimama hapo. Kifafa kikimshika mtu majini, kazi ni kuushikilia uso wake juu ya maji, kumtoa, na kuita msaada. Mtu asiyejua atadhani unacheza. Siyo lazima uwaambie darasa zima. Mmoja unayemwamini, na nahodha. Ukishindwa kumwambia mwenyewe, niambie mimi, nitamwambia nahodha bila kutaja mengine.

Nitabaki hapa mpaka saa 10. Nimekuja na majaketi mawili, yako pale mezani. Anayetaka kujaribu kufunga mikanda aje, na aliyeandika kikaratasi chochote anaweza kuja kama anakuja kwenye jaketi.