Kumwandika Mtu Nje ya Faili Lake: Makala za Wasifu Louisville, Columbus na Buffalo



Mada niliyopewa yataka nianze na fasili. Makala ya wasifu humchora mtu halisi kwa matendo, kauli na mazingira yake. Si taazia, wala si tangazo la mgombea. Mnayajua hayo, tusonge mbele.

Ninaloshindana nalo miaka mingi ni faili la mkimbizi. Mtu aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, au Nakivale, Uganda, kabla hajafika Buffalo, amehojiwa na UNHCR, kisha na maofisa wa Marekani, na kila mara ilimbidi aseme yale yale kwa mpangilio ule ule: vita, kukimbia, kambi. Kesi yake ilitegemea asijichanganye. Basi mwandishi akiwasha kinasa sauti, anasimuliwa kesi. Naye, kwa uvivu wetu, anaichapa ilivyo, na makala inaishia uwanja wa ndege. Nimehariri nyingi za namna hiyo; ukifuta majina, huwezi kujua ipi ni ya nani. Columbus kuna Wabantu wa Somalia ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanzania na Msumbiji karne ya 19, lakini makala zao zote zinaanzia vita vya 1991.

Mhusika ana sababu ya kung'ang'ania faili. Huenda tarehe yake ya kuzaliwa, Januari 1, alipangiwa na karani. Huenda mtoto wa marehemu dada yake aliandikwa kuwa wa kumzaa. Tukichapisha vingine, anaweza kubanwa kwa maswali siku ya kuomba uraia. Niseme kwa tahadhari: huu si ushauri wa kisheria, wala si msimamo wa ofisi yangu. Lakini hatari hiyo haitulazimishi kuandika makala mfu.

Wapo waliotuonyesha njia. Mwandishi wa Marekani Gay Talese alinyimwa mahojiano na mwimbaji Frank Sinatra. Makala yake ya 1966 aliijenga kwa kumtazama na kuwasikiliza waliomzunguka. Shaaban Robert naye, katika wasifu wake wa mwimbaji Siti binti Saad, hakumwacha kijijini Fumba, Zanzibar, akiuza vyungu. Alimfuata hadi kwenye uimbaji uliompeleka Bombay.

Napendekeza, basi, tusiulize safari siku ya kwanza. Tumfuate mhusika kazini, hata kama ni zamu ya usiku kwenye maghala ya Louisville, na kanisani au msikitini. Tuwahoji majirani, wanakwaya, wadai wake. Watoto wasifanywe wakalimani wa wazazi wao. Kiswahili cha Uvira, Kongo, kibaki cha Uvira, kisisanifishwe. Tarehe na nasaba zisizo za lazima ziachwe, na mhusika asomewe sehemu zinazoweza kumdhuru kabla hazijachapwa. Sifa na lawama hatumsomei, hizo ni zetu. Narudia: tusiulize safari siku ya kwanza. Wahariri watoe muda wa wiki, si alasiri moja. Na wafadhili, ambao baadhi yao wamo humu ukumbini, waache kudai picha ya familia na mizigo yake uwanja wa ndege.