Karatasi ya Quebec na Majirani wa Ujerumani

Mwezi Septemba 1944, wakati majeshi ya Marekani yalipokuwa yamekwisha kanyaga mpaka wa Ujerumani, Rais Franklin Roosevelt na Waziri Mkuu Winston Churchill wa Uingereza walikutana mjini Quebec, Kanada. Huko walitia sahihi karatasi fupi iliyotokana na mawazo ya Henry Morgenthau, Waziri wa Fedha wa Marekani: viwanda vya kivita vya mikoa ya Ruhr na Saar viondolewe, na Ujerumani igeuzwe kuwa, zaidi ya yote, nchi ya kilimo na ufugaji.

Hasira hiyo haikuwa ya bure. Katika muda wa miaka 30 Ujerumani ilikuwa imeitumbukiza Ulaya vitani mara mbili, na chuma cha mizinga yake kilitoka Ruhr hiyo hiyo. Hata hivyo Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, alipinga kwa nguvu, akisema kwamba mali ya Ruhr ilihitajiwa na Ulaya nzima.

Kabla ya mwezi kwisha, siri ilikuwa imevuja magazetini. Goebbels, mkuu wa propaganda wa Hitler, aliidaka kama mtu aliyeokota dhahabu. Thomas Dewey, mpinzani wa Roosevelt katika uchaguzi wa mwaka huo, alidai kwamba mpango huo ulikuwa sawa na kumwongezea Hitler divisheni kumi mpya. Maneno hayo ni ya kampeni, na hayana mizani. Lakini gharama ya kila siku iliyoongezeka ya vita ililipwa na askari wa mstari wa mbele, ambaye huko Quebec hakuulizwa neno.

Roosevelt alijitenga na mpango huo, ila kivuli chake kilibaki. Amri Namba 1067 ya mwaka 1945 iliwakataza makamanda wa Marekani kufufua uchumi wa Ujerumani, huku ikiwataka wazuie maradhi na fujo. Yaani walinde amani katikati ya watu wenye njaa.

Mwaka 1947 Herbert Hoover, Rais wa zamani, aliandika kwamba Ujerumani haiwezi kuwa nchi ya wakulima watupu mpaka watu milioni 25 wauawe au wahamishwe. Majirani nao walikuwa wakiumia: bandari ya Rotterdam, nchini Uholanzi, iliishi kwa shehena za mto Rhine. Mwezi Julai mwaka huo amri ile ilifutwa. Mwaka 1951, Ufaransa, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilitia sahihi pamoja na Ujerumani ya Magharibi mkataba wa kuweka makaa ya mawe na chuma chao, pamoja na vya Ruhr, chini ya mamlaka moja.