Mlinzi Asiye na Ukuta

Naomba tupande kwanza juu ya paa la lango la Mahanaimu. Chini, Mfalme Daudi ameketi akingoja habari za vita dhidi ya mwanawe Absalomu. Juu, mlinzi anamwona mtu anakuja mbio, peke yake. Anapaza sauti. Anayefasiri ni mfalme: mtu wa peke yake ana habari. Anatokea wa pili. Mlinzi anamkazia macho yule wa kwanza, na kwa namna anavyokimbia anamtambua kuwa ni Ahimaasi mwana wa Sadoki. Kazi yake inaishia hapo. Kwamba Absalomu ameuawa, hajui, na msimulizi wa Kitabu cha Pili cha Samweli hampi nafasi ya kubahatisha.

Mlinzi wa mnara wa Yezreeli naye ni wa namna hiyo hiyo. Anaona kundi likija, anatoa taarifa kwamba mjumbe wa kwanza wa mfalme amefika kwao lakini harudi, kisha wa pili vivyo hivyo, na mwishowe anatambua uendeshaji wa Yehu, jemadari aliyemwasi mfalme, maana hakuna mwingine aendeshaye gari la vita kiwazimu namna ile. Mfalme Yoramu anatoka kwenda kumlaki, na anauawa. Mlinzi hakumshauri atoke wala abaki.

Nalishikilia jambo hili kwa makusudi. Katika mikesha yetu ya maombi, jina la mlinzi limezoeleka kupewa mtu anayejua ya kesho. Mlinzi wa maandiko ya Kiebrania hajui ya kesho. Anajua kilichoko barabarani sasa hivi, na anawajibika kukisema.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Usiku wa Waebrania wa kale uligawanywa katika zamu tatu, na Gideoni aliwashambulia Wamidiani mwanzo wa zamu ya kati, walinzi walipokuwa wamebadilishana tu. Kulikuwa pia na ishara za moto kati ya ngome na ngome. Mwaka 1935, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na James Leslie Starkey walipata katika magofu ya lango la Lakishi vigae vilivyoandikwa kwa wino, barua za kijeshi za siku za mwisho za ufalme wa Yuda. Katika barua ya nne, mwandishi anaarifu kwamba wanaangalia ishara za Lakishi, kwa kuwa ngome ya Azeka haionekani. Wataalamu wanabishana kama Azeka ilikuwa imekwisha kutekwa au ilikuwa nje ya upeo wa macho tu. Mwandishi, kama mlinzi yeyote mwaminifu, alisema asichokiona akaishia hapo.

Sasa tumgeukie nabii Ezekieli, ambaye kwake wadhifa huu unapata uzito wa kiroho. Alihamishwa Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, na wito ukamjia huko, kando ya mto Kebari. Anafanywa mlinzi wa nyumba ya Israeli akiwa hana ukuta wala mnara. Mji wenyewe, Yerusalemu, uko mbali: Ezra, aliposafiri njia hiyo baadaye, alitumia miezi minne. Mlinzi huyu hawezi kuona vumbi la farasi. Anachopewa kukiangalia ni mwenendo wa watu walio karibu naye.

Sura ya 33 ya kitabu chake inaweka sheria ya kazi hiyo. Wenyeji wanamteua mmoja wao. Upanga ukija naye asipige baragumu, damu ya atakayekufa inadaiwa mkononi mwake. Akipiga, asiyejali atabeba damu yake mwenyewe. Mlinzi hadaiwi matokeo. Wahubiri huifurahia sehemu hii. Wanachokipita haraka ni swali la nani anayeuleta upanga. Andiko halifichi: ni Mungu. Basi Mungu yule yule anayeleta adhabu ndiye anayemweka mtu wa kuipigia kelele kabla haijafika. Ni adui gani anayetaka kushinda halafu akaajiri mlinzi katika mji anaouendea? Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha fundisho lote: onyo ni dalili kwamba anayetisha hataki kupiga, na sura yenyewe inasema wazi kwamba hafurahii kufa kwake mwovu.

Maandiko hayawapambi walinzi. Isaya anawaita vipofu, mbwa bubu wapendao usingizi. Katika Wimbo Ulio Bora, walinzi wa mji wanamkuta mwanamke akimtafuta mpenzi wake usiku, wanampiga, wanamjeruhi na kumnyang'anya shela. Silaha na zamu wanazo. Waliyepaswa kumlinda ndiye waliyemgeukia.

Yerusalemu ilipoanguka, mwaka 586, habari zilimfikia Ezekieli kwa kinywa cha mtu aliyetoroka. Usiku wa kuamkia siku mtoro huyo alipofika, kinywa cha Ezekieli, kilichokuwa kimefungwa, kilifunguliwa, na wahamishwa wakaanza kumiminika kwake. Walikaa mbele yake kwa adabu, wakaitana milangoni waje kumsikiliza, wakamsifu kama watu wamsifuvyo mwimbaji mwenye sauti tamu na mkono mwepesi kwenye kinanda, kisha wakarudi majumbani na kuendelea kutafuta faida zao.