Bendera Gani Juu ya Meza?



Bendera ya Nepal ni ya pekee duniani, kwa kuwa haina pembe nne. Ni vibendera viwili vya pembe tatu vilivyopandana; cha juu kina mwezi, cha chini kina jua. Ukiiona popote huwezi kuichanganya na nyingine. Na siku hizi katika miji mingi ya Marekani, zinapofanyika sherehe za kiangazi za kuonyesha mila za mataifa, bendera hiyo haikosi meza yake. Hapo huuzwa momo, yaani unga uliofungwa nyama ndani na kupikwa kwa mvuke. Vijana hupiga madal, ngoma ya pande mbili ivaliwayo kiunoni, na wazee huja na kofia zao za kitambaa cha dhaka.

Mpwa wangu, ambaye anafanya kazi mjini Columbus, jimbo la Ohio, alipita kwenye meza ya namna hiyo mwaka 2023. Akamwuliza mzee mmoja ametoka Nepal sehemu gani. Mzee akamjibu kwamba yeye kazaliwa Bhutan. Nepal alikaa kambini tu, miaka kumi na minane.

Naona hapa panahitaji maelezo. Mababu wa watu hawa walihamia kusini mwa Bhutan tangu karne ya 19, wakafyeka misitu, wakalima, wakaendelea kusema Kinepali. Mwaka 1989 serikali ya Bhutan ikaamuru kila raia avae mavazi ya watu wa kaskazini, na Kinepali kikaondolewa mashuleni. Mwaka 1990 watu waliandamana. Baada ya hapo wakafukuzwa, wengine wakakimbia wenyewe kwa hofu, na Nepal ikawaweka kambini katika wilaya za Jhapa na Morang bila ya kuwapa uraia. Kuanzia mwaka 2008 wakapelekwa nchi za mbali, zaidi ya watu laki moja, wengi wao Marekani.

Kwa hiyo yule mzee na kofia yake hakuwa akifanya maonyesho ya kufurahisha wapita njia. Kofia ile ndiyo iliyomfukuzisha kwao. Leo anaivaa hadharani, askari wa mji wanamlindia barabara, na watu wanampigia makofi. Mwenye kusema sherehe hizi ni mchezo wa kula na kucheza tu, basi hajauliza.

Sasa msikilizaji atasema: Nepal na Chiola wapi na wapi? Naam, hapo ndipo ninapotaka kufika.

Sisi wa Nachingwea si wageni wa mambo haya. Wapiganaji wa Frelimo walipokuwa na kambi yao hapa wilayani, kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975, walikuwemo Wamakonde, Wamakua, Wanyanja, na watu wa kusini kabisa ya nchi yao. Walifundishana ngoma humo humo kambini, kila mmoja acheze na ya mwenzake. Kwa hiyo ngoma iliyo mbali na kwao tumeiona kwa macho, na tumeipa nafasi ya kuchezwa.

Lakini kuna ngoma nyingine iliyotoka kwetu ambayo hatukuisindikiza. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita nchi hizi kwenda Kilwa. Wayao, Wamakua, Wangindo na wengineo walipakiwa majahazini, na baadhi yao wakashushwa Barawa, Marka na Mogadishu, wakalimishwa mashamba ya kando ya mto Shabelle. Waliotoroka walijificha katika misitu ya mto Juba, mahali panapoitwa Gosha, wakajenga vijiji kwa kufuata asili zao: hapa Wayao, pale Wazigua, kule Wamakua. Wazigua wakaishika lugha yao hadi leo. Wengine wengi lugha ziliwapotea, lakini hawakusahau walikotoka.

Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 watu hawa waliporwa na kuuawa, kwa kuwa hawakuhesabiwa katika koo zenye bunduki. Wakakimbilia Kenya. Waliomba kurudi Tanzania na Msumbiji, nchi za mababu zao. Baadhi ya Wazigua walipokelewa, wakapewa ardhi Chogo, wilaya ya Handeni. Kwa waliobaki, Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwachukua, wapatao elfu kumi na mbili, nao wakaanza kuwasili mwaka 2003. Ndiyo maana katika mji kama Columbus leo wanaishi mitaa ya jirani na Wanepali wa Bhutan.

Mpwa wangu aliwakuta siku ile ile. Walikaa chini ya bendera ya Somalia. Mama mmoja, aliposikia kwamba kijana huyu ametoka Tanzania ya kusini, alimshika mkono na kumwambia kuwa bibi yake mzaa bibi alikuwa Myao.

Na meza ya Watanzania ilikuwa wapi? Ilikuwapo, haikuwa mbali. Ilikuwa na shuka nyekundu za Kimasai, picha ya mlima Kilimanjaro, na vijana wanaokata viuno wakiita hiyo sindimba. (Sindimba ya Wamakonde ni ngoma yenye mafunzo, lakini hilo tuliliharibu wenyewe humu nchini, kwenye majukwaa ya kupokelea wageni.) Hakuna hata mmoja pale mezani aliyejua kuwa hatua ishirini kutoka kwake kuna watu wa Kusini waliopotea miaka mia moja na hamsini. Kwa maoni yangu hiyo ni aibu kuliko kuuza shuka.

Mpwa wangu akanipigia simu. "Mjomba," akasema, "yule mama anataka kusikia ngoma za Kiyao. Niletee."

Nikawapelekea wazee wa hapa Chiola ombi hilo, na halikupita kirahisi. Nyakanga mmoja alikataa kabisa. Alisema nyimbo za jando na unyago haziimbwi mbele ya asiyeingia kumbini, sembuse kutiwa kwenye simu na kuchezeshwa sokoni Marekani mbele ya watoto na wauza nyama. Mwingine akasema huyo anayeomba si mgeni, ni mwali aliyechelewa. Wakabishana hadi jua likazama. Mimi nilikaa upande wa nyakanga, ingawa moyo ulikuwa kwa yule mama.

Mwishowe walikubali kuchezwe ngoma za mavuno na za kutoa wali nje, ambazo kila mtu huzitazama. Kijana wa jirani alizinasa kwa simu yake, dakika arobaini, na mbwa anasikika akibweka. Nyimbo za ndani hazimo. Nimemwambia mpwa wangu amweleze mama yule kwamba hizo hazitumwi. Akizitaka, aje mwenyewe Chiola, na aje baada ya mavuno.