Rafiki Anapotutangulia



Ndugu wapendwa, mzee aliyeshiba siku akifa tunahuzunika, lakini huzuni hiyo tuliitazamia. Akifa rafiki wa rika letu, jambo ni jingine. Tulilima naye, tulivua naye, tukadhani tutazeeka pamoja. Leo jembe lake limeegemezwa ukutani, nasi tunajiuliza: ikiwa yeye ameitwa, sisi tumebakiwa na siku ngapi?

Mtakatifu Augustino aliijua huzuni hiyo. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, ambao leo ni Souk Ahras katika nchi ya Algeria. Alipokuwa mwalimu kijana mjini humo, alikuwa na rafiki waliyekua pamoja na kusoma pamoja. Augustino hakuwa amebatizwa. Aliyafuata mafundisho ya Mani, akamvuta na mwenzake huko. Kisha rafiki akashikwa na homa kali, akazimia, akabatizwa naye hajitambui. Alipopata nafuu, Augustino akaufanyia mzaha ubatizo ule, akidhani watacheka wote wawili. La! Mgonjwa alimtazama kama adui, akamwonya kwamba akitaka kubaki rafiki yake, aache maneno hayo.

Tusimame hapa kidogo. Augustino alinyamaza, akaona afadhali amngoje mwenzake apate nguvu, ndipo wazungumze. Baada ya siku chache homa ikarudi, kijana akafa, wala Augustino hakuwapo. Mazungumzo yale hayakufanyika kamwe.

Katika kitabu chake cha Maungamo amesimulia jinsi alivyolia. Kila alichokitazama alikiona mauti. Hata nyumba ya baba yake ikawa mateso. Akakimbilia Carthage. Alikuwa amempenda mtu wa kufa kana kwamba hatakufa, wala hakuwa na Mungu wa kumkabidhi. Ilipita zaidi ya miaka kumi, ndipo alipoinamisha kichwa huko Milano, Pasaka ya mwaka 387, apokee ubatizo uleule alioufanyia mzaha.

Sisi nasi tuwalilie rafiki zetu. Bwana wetu mwenyewe alitokwa na machozi penye kaburi la Lazaro. Lakini kuna kilio kinachogeuka sumu. Watu wameketi matangani, na mmoja ananong'ona: “Nani amemroga?” Kesho mama mzee wa jirani anatazamwa kwa jicho baya, keshokutwa anafukuzwa kijijini. Marehemu amefaidiwa nini? Yeye anahitaji sala zetu na sadaka ya Misa, wala tusingoje tarehe 2 Novemba ndipo tumkumbuke.

Na walio hai je? Kama nyumbani mwenu yumo mgonjwa anayetamani ubatizo, mwiteni katekista usiku huu huu. Kama amekwisha kubatizwa, padri aitwe mgonjwa akiwa bado aweza kusema na kuungama; mara nyingi mno tunamwita wakati ulimi umekwisha kuwa mzito. Na yule tuliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, au kwa deni la mbuzi, tusiseme tutapatana naye baada ya mavuno. Redio ikizimwa, twende kwake.