Nidhamu Huanza Chekechea

Habari zinazotoka nchi jirani kwa kawaida huwa za mipaka, biashara na uchaguzi. Ni nadra kusikia habari za watoto wa miaka mitatu hadi sita. Hata hivyo, huko Mombasa, nchini Kenya, lilianza jambo linalostahili kufikiriwa na kila mwanajeshi na kila askari polisi, kwa kuwa linahusu nidhamu, na nidhamu ndiyo msingi wa kazi yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na wasiwasi. Watoto wao walisoma chuoni tangu wakiwa wadogo, lakini wengi walibaki nyuma walipofika shule ya msingi. Viongozi hao wakamwomba Aga Khan msaada, na mwaka 1986 mpango wa shule za awali za madrasa ukaanza Mombasa, mmoja wa waasisi wake akiwa mwalimu Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 mpango huo ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 ukaanza Kampala, Uganda.

Shule hizo hazikuletwa kijijini kama zawadi. Wenyeji walitakiwa kwanza kukubaliana, kuunda kamati, kutafuta chumba, na kuchagua kina mama na wasichana wa hapo hapo wapelekwe kufunzwa ualimu. Waliporudi, wakufunzi waliwatembelea mara kwa mara kuwasaidia kazini. Vifaa vilitoka katika mazingira yao: vifuu vya nazi, makombe ya pwani, mbegu, ukili na vipande vya mbao. Nyimbo na hadithi zilikuwa zile zile za bibi na babu, na mafunzo ya dini yaliendelea pamoja na hesabu na lugha.

Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa namna ya kufundisha. Chumba kiligawanywa katika pembe: pembe ya nyumbani, ya ujenzi, ya vitabu, na kadhalika. Mtoto husema kwanza anataka kufanya nini na wapi. Kisha hukifanya pamoja na wenzake, huku mwalimu akipita, akitazama na kuuliza maswali. Baadaye wote hukaa pamoja, na kila mmoja hueleza alichofanya na kilichomshinda.

Wako wazazi wanaolalamika kuwa huko ni kuchezea wakati. Wao hupenda kuona mtoto ameketi kimya, akinakili herufi ubaoni na kuitikia kwa pamoja, na asiyefanya hivyo achapwe. Husema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini samaki hukunjwa ili akae katika umbo linalotakiwa, naye anayemkunja kwa pupa humvunja.

Ukweli wa jambo hili umepimwa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg uliofanywa Kenya, Uganda na Zanzibar. Watafiti hao waliwalinganisha watoto wa shule za madrasa, watoto wa shule nyingine za awali, na watoto waliobaki nyumbani. Waliosoma shule za awali za aina zote mbili waliendelea vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa waliwashinda wenzao wote.

Askari hana sababu ya kulistaajabia jambo hilo. Anapotumwa doria, hupanga safari yake, huitekeleza pamoja na wenzake, na arudipo hutoa taarifa ya yote yaliyotokea, pamoja na makosa. Mtoto wa chekechea anayepanga, akatenda, kisha akaeleza, ameanza kujifunza utaratibu huo huo. Naye anayengoja zamu yake katika pembe ya ujenzi kwa sababu amekubaliana na mwenzake, ataingoja hata mwalimu akiwa ametoka nje. Yule aliyenyamazishwa kwa fimbo hunyamaza fimbo ikiwapo tu. Kila kamanda anajua ni yupi kati ya hao wawili angependa kumwachia lindo la usiku.

Hapa Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliingiza elimu ya awali katika elimu ya msingi. Sera ni mwanzo tu. Mlezi wa mtoto ni mzazi. Mtoto wa askari huhama kila mzazi wake anapohamishwa, na mara nyingi baba au mama yuko mbali kikazi. Mtoto huyo anahitaji mahali anaposikilizwa. Wazazi wa kambini wanaweza kuunda kamati, wakatenga chumba, wakakusanya vifuu na vipande vya mbao. Na baba arudipo kutoka lindo, kabla ya kumwamuru mtoto anyamaze, amuulize leo amefanya nini, kisha amsikilize mpaka amalize.